Nambari ya siri, ufunguo na tokeni: Jinsi mitambo inavyomtambua mteja

KATIKA soko la Kanyangi, kusini magharibi mwa Kaunti ya Kitui, mnunuzi wa ndengu siku hizi aghalabu haji na kitita cha noti mfukoni. Magunia hupimwa, bei ikakubaliwa, kisha pesa zikatumwa kwa simu. Kabla ya lori kung'oa nanga kuelekea Kitui mjini au upande wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi, arafa ya malipo huwa imekwisha kumfikia mkulima.

Kinachoonekana hapo ni arafa tu. Nyuma yake mna mitambo miwili, mitatu, pengine minne, iliyoulizana swali moja katika muda wa sekunde chache: wewe ni nani, na nani amekuruhusu kuomba unachoomba? Mtambo ukilijibu vibaya swali hilo, anayepata hasara ni yule aliyeinama shambani msimu mzima.

Lango ambalo mtambo mmoja hupitia kuuomba mwingine huduma ndilo wataalamu huliita API. Mtu wa kawaida halioni, kwa sababu halina picha wala vitufe. Ni anwani ya mtandaoni inayopokea maombi yaliyoandikwa kwa utaratibu maalumu na kurudisha majibu. Programu ya karo ya shule, daftari la kielektroniki la chama cha akiba na mikopo, tovuti ya kuuzia tiketi za basi, zote hupitia malango ya aina hii. Na maadamu langoni hapo hakuna bawabu anayeweza kumtazama mgeni usoni, utambulisho hauna budi kufanywa kwa hesabu.

Mambo mawili huchanganywa mara kwa mara. Kuthibitisha utambulisho ni kujua anayebisha ni nani. Kuidhinisha ni kuamua apewe nini. Mwanafunzi anayeomba basari huelewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Kitambulisho cha taifa humweleza karani yeye ni nani, lakini ni fomu iliyopigwa muhuri wa chifu inayoonyesha kuwa ni mkazi wa lokesheni hiyo na anastahili kufikiriwa. Mitambo mingi iliyoibiwa ilithibitisha vizuri kabisa, ikasahau kuidhinisha.

Nenosiri na kasoro zake

Njia kongwe ni jina na nenosiri. Katika tarakilishi ilianza mwaka wa 1961 katika chuo cha MIT nchini Marekani, pale Fernando Corbató na wenzake walipotengeneza mtambo mmoja uliotumiwa na watu wengi kwa zamu, kila mmoja akihitaji faragha ya majalada yake. Wizi haukuchelewa. Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, aliuagiza mtambo uchapishe orodha nzima ya maneno ya siri ili apate muda zaidi wa kufanyia kazi yake.

Mtandao wa intaneti ulipoenea, njia hiyo iliingizwa katika itifaki ya HTTP, na maelezo yake yakachapishwa mwaka wa 1996. Jina na nenosiri huunganishwa kwa nukta pacha, yakageuzwa kuwa mfululizo wa herufi unaoitwa Base64, kisha yakaambatishwa kwa kila ombi. Wanagenzi wengi hudhani mageuzi hayo ni usimbaji wa siri. Sivyo. Ni sawa na kuandika neno kuanzia mwisho: yeyote ajuaye mbinu hulisoma bila jasho. Usalama wote hapo hutegemea njia yenyewe kufunikwa kwa usimbaji wa TLS, ile kufuli inayoonekana kando ya anwani ya tovuti.

Kasoro kubwa zaidi huja pale mtu wa tatu anapoingia kati. Hadi Agosti 2010, mtumiaji wa Twitter aliyetaka programu nyingine imsomee ujumbe wake aliweza kuipa programu hiyo nenosiri lake lenyewe. Aliyepewa kusoma alipata pia uwezo wa kuandika, kufuta na hata kumfungia mwenyewe nje. Ni kama kumpa kijana wa kukuchotea maji funguo za nyumba nzima kwa sababu jerikeni zimo jikoni.

Badala ya nenosiri la mtu, milango mingi ilianza kutoa ufunguo wa API, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoitambulisha programu wala si mtu. Ni njia rahisi, na urahisi huo ndio uliowaponza wengi. Vijana wanaoandika programu huuweka ufunguo ndani ya msimbo wenyewe, kisha wakauchapisha msimbo huo katika hifadhi za umma kama GitHub ambako mitambo ya wezi hupita usiku na mchana ikitafuta vitu vya namna hiyo. Wengine huufungia ndani ya programu ya simu, wakidhani hakuna atakayeuona. Programu ya simu inaweza kufumuliwa kama mtego wa panya. Kilichomo ndani si siri tena mara tu mteja wa kwanza anapoipakua. Ufunguo wa kuhamisha pesa mahali pake ni katika seva, chini ya ulinzi wa mwenye biashara.

Mfano wa Daraja

Nchini Kenya hakuna mahali ambapo mambo haya yana uzito kama katika huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa na kampuni ya Safaricom mnamo Machi 6, 2007. Mwanzoni ilikuwa ya mtu kumtumia mtu. Mwaka wa 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya, na mwaka wa 2017 Safaricom ikafungua API zake kwa umma kwa jina la Daraja. Tangu hapo hata mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, katika eneobunge lilelile la Kitui Rural iliko Kanyangi, aweza kukaa na tarakilishi yake na kuandika programu ya kupokea malipo.

Utaratibu wa Daraja unastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu ndani yake zimo karibu njia zote zinazozungumzwa katika makala haya.

Kwanza, programu iliyosajiliwa hupewa vitu viwili: ufunguo wa mtumiaji na siri yake. Viwili hivyo huunganishwa kwa nukta pacha na kutumwa kwa njia ileile ya mwaka wa 1996, lakini kwa shughuli moja tu, nayo ni kuomba tokeni. Seva ya Safaricom ikiridhika, hurudisha tokeni inayodumu sekunde 3,599, takriban saa moja. Maombi mengine yote huambatishwa tokeni hiyo, na ile siri ya asili haisafiri tena hadi saa ipite. Mpango huu unatokana na kanuni za OAuth 2.0 zilizochapishwa Oktoba 2012.

Neno tokeni si geni kwa Wakenya, kwani kila anayenunua stima ya kulipia kabla hupokea tokeni ya tarakimu 20. Hata hivyo, kuna tofauti isiyofaa kupuuzwa. Tokeni ya stima imefungwa kwa nambari ya mita moja. Jirani akiiokota haimfai kitu, na hata mwenyewe hawezi kuiingiza mara mbili. Tokeni ya OAuth kwa kawaida ni kama sarafu: aliyeishika ndiye mwenyewe, na mwenye duka hamuulizi aliitoa wapi. Ndiyo maana hupewa maisha mafupi, na ndiyo maana kuiandika katika kumbukumbu za mtambo ambazo kila karani anaweza kuzisoma ni kosa kubwa.

Pili, programu inapotaka mteja alipe, hutuma ombi lenye nambari ya biashara, kiasi, nambari ya simu ya mteja na nenosiri la muda. Nenosiri hilo hutengenezwa kwa kuunganisha nambari ya biashara, ufunguo maalumu wa siri na saa ya wakati huo, kuanzia mwaka hadi sekunde. Kisha simu ya mteja huonyesha jina la anayedai na kiasi, naye huingiza nambari yake ya siri ya M-Pesa yenye tarakimu nne.

Hapo ndipo penye busara ya mpango mzima. Nambari ya siri ya mteja huenda kwa Safaricom pekee. Mwenye duka haioni, programu ya mwenye duka haioni, wala aliyeiandika programu hiyo. Mteja amemruhusu mtu wa tatu achukue kiasi fulani, mara moja, bila kumkabidhi siri yake. Kwa hiyo tovuti au programu yoyote inayomtaka mteja aandike nambari yake ya siri ya M-Pesa ndani ya ukurasa wake yenyewe haina sababu ya haki ya kufanya hivyo.

Tatu, pesa zinapotoka, kwa mfano kampuni inapowalipa wakulima mia mbili kwa mkupuo, masharti huwa makali zaidi. Tokeni pekee haitoshi. Ombi lazima litaje jina la mwanzilishi wa malipo, na nenosiri lake liwe limesimbwa kwa ufunguo wa hadharani wa M-Pesa. Usimbaji wa aina hii ulielezwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka wa 1976, na mfano wake mwepesi ni sanduku la barua lenye tundu. Kila apitaye anaweza kutumbukiza bahasha, ila mwenye ufunguo wa sanduku ndiye anayeweza kuitoa.

Jibu linaporudi

Waandishi wengi wa programu hulinda ombi linalokwenda, wakasahau jibu linalorudi. Baada ya mteja kulipa, mtambo wa M-Pesa huupigia mtambo wa mwenye biashara na kuuarifu kwamba malipo yamefanyika. Taarifa hiyo hupokewa katika anwani ambayo mwenye biashara mwenyewe aliitaja. Mtu mwovu akiijua anwani hiyo, aweza kuutumia mtambo taarifa bandia inayosema karo imelipwa au bidhaa zimelipiwa, na mtambo usio na hadhari ukatoa risiti.

Ujanja huu si mpya sokoni. Ni uleule wa mnunuzi anayemwonyesha muuza mbuzi arafa ya uongo kwamba pesa zimekwenda, na mbuzi wakapakiwa garini. Mfanyabiashara mzoefu haitegemei arafa ya kuonyeshwa. Hutazama salio lake mwenyewe. Mtambo nao wafaa ufanye vivyo hivyo: uhakikishe taarifa imetoka katika anwani zinazojulikana kuwa za Safaricom, kisha uulize hali ya muamala kupitia lango la Daraja lililowekwa kwa kazi hiyo, na ulinganishe kiasi na nambari ya risiti kabla ya kukubali.

Makampuni mengine duniani huongeza saini juu ya kila taarifa. Mbinu inayotumika sana ni HMAC, iliyoelezwa rasmi Februari 1997. Pande mbili huwa na siri moja. Mtumaji huichanganya na ujumbe kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, akapata alama fupi. Mpokeaji hurudia hesabu hiyo, na alama zikitofautiana hata kwa herufi moja ujumbe hutupwa. Siri yenyewe haisafiri kamwe.

Jamaa wa karibu wa mbinu hii ni tokeni zenye saini ziitwazo JWT, zilizopewa kanuni rasmi Mei 2015. Ndani yake huandikwa jina la mhusika, ruhusa alizonazo na saa ya mwisho ya matumizi, kisha zikatiwa saini. Ni sawa na barua ya chifu: kila mtu aweza kuisoma, lakini akibadili neno muhuri humsuta. Seva haihitaji kumpigia chifu simu kila mara. Ila udhaifu ni uleule wa barua. Ikiwa mwenye barua alifutwa kazi jana, muhuri ungali unang'aa leo, na karani wa mbali hana habari. Tokeni za aina hii zisidumu siku nyingi.

Mwaka huohuo wa 2015 iligunduliwa kuwa baadhi ya maktaba za programu zilikubali tokeni ambazo mahali pa aina ya saini palikuwa pameandikwa kwamba hakuna saini. Karani aliyesoma fomu yenye maneno "haina muhuri" akaipitisha hangedumu ofisini wiki moja. Mtambo hutii tu ulichoandikiwa.

Saa nayo ni sehemu ya ulinzi. Mtu akinasa ombi halali na kulituma tena baadaye, mtambo wenye kuangalia wakati hulikataa. Wateja wa stima walipata ladha ya jambo hili mwaka wa 2024. Mita za kulipia kabla duniani kote hutambua tokeni zilizokwisha kutumika kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa ijae Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu wateja wa Kenya Power waliletewa tarakimu za ziada za kuingiza katika mita zao mwaka huo. Bila hizo mita zingekataa tokeni mpya.

Tatizo la laini ya simu

Huduma nyingi huongeza hatua ya pili, nayo ni tarakimu za kutumika mara moja zinazotumwa kwa arafa. Hatua hii ni bora kuliko nenosiri peke yake, lakini inaegemea dhana kwamba mwenye laini ndiye mwenye simu. Walaghai humwendea wakala wakiwa na nambari ya kitambulisho cha mwathiriwa, wakahamisha laini hadi kwenye kadi yao, na tangu dakika hiyo tarakimu zote za siri huwafikia wao. Mwathiriwa huona mtandao umepotea tu, na katika maeneo ambako mawimbi hupotea kila jioni huenda asishtuke hadi asubuhi.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka njia ya arafa katika kundi la njia zenye vikwazo Juni 2017. Safaricom, kwa upande wake, iliweka huduma ya *100*100# ambayo mteja huitumia kuzuia laini yake isibadilishwe na mawakala. Watu wengi hawajawahi kuibonyeza, ingawa haichukui hata dakika moja.

Mbadala wa arafa ni tarakimu zinazotengenezwa ndani ya simu yenyewe kila baada ya sekunde 30, kwa kanuni iliyotolewa Mei 2011. Njia mpya zaidi ni funguo za WebAuthn, zilizopitishwa na shirika la W3C Machi 2019. Hapo simu huunda jozi ya funguo, ikabaki na ule wa siri na kuipa tovuti ule wa hadharani. Mteja hufungua kwa kidole au uso wake. Tovuti ikidukuliwa hakuna nenosiri la kuibwa, na tovuti bandia haiwezi kuutumia ufunguo wa tovuti halisi.

Lakini mapendekezo haya huandikwa na watu ambao kila mwenzao ana simu ya bei ghali. Kwa mama wa Kanyangi mwenye kabambe ya vitufe, WebAuthn ni hadithi. Kilichomfikia ni menyu ya M-Pesa iliyomo ndani ya kadi ya simu, inayosimba nambari ya siri kabla haijatoka. Atayarishaye mtambo wa wakulima au wa wazee wanaopokea marupurupu afaa aanze kwa kabambe hiyo, kisha apande juu. Akianza kwa mteja wa Nairobi atamfungia nje yule aliyekusudiwa.

Mkopo, wapatanishi na sheria

Mahali ambapo lango rasmi halipo au halitumiki, watu hutoboa ukuta. Baadhi ya programu za mikopo ya simu nchini zilimtaka mkopaji aziruhusu kusoma arafa zake zote, zikapima uwezo wake kwa kuzihesabu arafa za M-Pesa, huku zikijua pia yaliyoandikwa na mke, mwajiri na daktari. Ruhusa ilikuwa moja, nyumba ikawa wazi yote. Ni kosa lilelile la nenosiri la Twitter kwa sura nyingine. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kuwapa leseni watoaji mikopo ya kidijitali Machi 2022.

Uingereza ilichagua kujenga mlango. Kuanzia Januari 2018 benki zake kubwa zilitakiwa kuwa na API ambazo kampuni zilizoidhinishwa hupitia, mteja akiidhinisha akiwa katika benki yake mwenyewe, kwa kazi maalumu, na kwa uwezo wa kuiondoa ruhusa hiyo.

Wapatanishi nao ni hatari iliyosahaulika. Nchini Uganda, Oktoba 2020, kampuni ya Pegasus Technologies, iliyounganisha benki na huduma za pesa za simu, ilivamiwa. MTN, Airtel na benki ya Stanbic zililazimika kusimamisha kwa muda uhamishaji wa pesa kati ya benki na simu, zikiwahakikishia wateja kwamba salio lao halikuguswa. Milango ya makampuni hayo makubwa haikuvunjwa. Aliyeaminiwa nayo ndiye aliyeingiliwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, anayeingia katika mtambo bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa jela muda usiozidi miaka mitatu, au yote mawili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo huwageukia wenye mitambo. Data ya watu ikivuja na kukawa na hatari ya madhara, Kamishna wa Data sharti aarifiwe ndani ya saa 72. Sheria hiyo haikuachwa kwa benki pekee. Shule inayotunza nambari za simu za wazazi au chama cha akiba chenye wanachama mia tatu kinabeba wajibu huohuo.

Kwa hivyo kamati ya shule au ya chama inayomwajiri kijana kuandika programu ya malipo ina haki ya kumhoji, hata kama hakuna mwanakamati aliyewahi kuona msimbo. Ufunguo wa Daraja umewekwa wapi, na umesajiliwa kwa jina la nani? Mtambo hufanya nini ukipokea taarifa ya malipo ambayo Safaricom haikuituma? Pesa zikitoka, je, huidhinishwa na mtu mmoja au wawili? Na swali linalosahauliwa kuliko yote: kijana huyo akipata kazi Mombasa wiki ijayo, nani atazifuta funguo zake na kuomba mpya, na kazi hiyo itafanywa siku gani?